Mwaka Niliobeba Mbolea ya Popo

Mama Komba amezikwa wiki iliyopita, na siku zote za msiba nimelala katika chumba kilekile cha uani, pale Majengo, Songea, nilichopanga nikiwa msichana. Taarifa ilinikuta Mbesa, ambako nilikuwa nauza vitenge kwa muda, kama ninavyofanya kila kitu kwa muda, nikapanda basi la kwanza bila kuaga watu wengi. Chumba kimebadilika kidogo. Wameweka dari na umeme, lakini ukuta wa upande wa jikoni bado ni mwembamba, na ukilala upande huo unasikia kila kinachosemwa na wanaopika. Jioni ya kwanza nilisikia wajukuu wa marehemu, wasichana watatu, wakipanga kwenda kwenye pango la Lihongo Jumapili kupiga picha. Mmoja alisema, "Tochi za nini, kwani simu hazina taa?" Niliinuka kitandani kama mtu aliyeumwa na siafu, nikaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni. "Shikamoo bibi," walisema kwa adabu. "Marahaba," nikajibu, nikavuta kigoda, nikakaa. Niliyowaambia ndiyo haya, ingawa hapa nayaandika kwa urefu kuliko subira waliyokuwa nayo.

Habari za kwetu, na kwa nini niliacha shule darasa la sita, hazina kazi hapa. Itoshe kusema kwamba sikuwa mtu wa kutulia, na nikiona mlango uliofungwa lazima nijue nyuma yake kuna nini. Nilifika Songea juu ya lori la chumvi nikielekea mahali pengine, Mbinga nadhani. Nilishuka kununua mihogo ya kuchoma, lori likaondoka, nami sikulikimbiza. Aliyekuwa anauza mihogo ni Mama Komba. "Sasa binti, utalala wapi?" aliniuliza. Nikamwambia sijui. "Haya, kama hujui, shika huo ungo unisaidie kubeba." Ndivyo nilivyopata chumba. Nyumba ilikuwa ya Wakatoliki, nami ni Mwislamu, na siku za sikukuu kitimoto kilikaangwa uani mpaka kuta zikanukia. Bila mimi kuomba chochote, Mama Komba alinunua sufuria ndogo, akaipaka alama ya rangi nyekundu kwenye ukingo, akatangaza mbele ya wote, "Hii ni ya Zuhura. Atakayeitia mafuta ya nguruwe nitamkaanga yeye." Mwaka ule nilikula ndani ya sufuria hiyo majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, maharage, na dagaa wa ziwani, na sijawahi tena kupata chakula ambacho mtu amekifikiria hivyo kwa ajili yangu.

Wanaume wa nyumba walikuwa wawili. Bosco, mwana wa Mama Komba, alikuwa mtu wa maneno machache na uso wa kukagua. Yusto, mtoto wa marehemu dada yake Mama Komba, alilelewa na mama huyo tangu hajaota meno, na yeye alikuwa na maneno ya watu wanne. Walikuwa wanachota mbolea ya popo katika pango la Lihongo, huko vilimani ukiiacha barabara ya Namtumbo, na kuwauzia wakulima wa mboga wa mabondeni. Nilijua habari zao zote kupitia ule ukuta kabla hawajaniambia neno. Jioni moja niliwasikia wakilalamika kwamba mwenzao wa tatu amehamia kwenye mashamba ya tumbaku, na Bosco akasema bila mtu wa tatu hawaingii. "Nichukueni mimi," nilisema kwa sauti, nikiwa nimelala kitandani. Kisha Yusto akasema, "Myao pangoni? Popo wenyewe watahama." Nikamjibu, "Wangekuwa wa kuhama, wangehama kwa harufu ya miguu yako." Mama Komba alicheka mpaka akaanza kukohoa. Mimi na Yusto tukawa watani kuanzia hapo, utani wa kweli wa Mngoni na Myao, ambao hauna likizo. Alisema Wayao tunaweza kuunga hata ndala kwa karanga. Nilisema Wangoni wakiona mgeni wanahesabu kwanza kuku, ndipo wanamkaribisha. Akiumwa, namuuliza shati lake jekundu nitarithi lini. Nikiumwa, anauliza kama kwetu wataleta korosho msibani au watakuja mikono mitupu.

Maandalizi ya Bosco yalianza jioni ya siku iliyotangulia, kwenye mkeka, vyombo vikishaondolewa. Kila mtu taa tatu. Siyo tatu za kundi, ni tatu za mtu mmoja: tochi kubwa, tochi ndogo ya akiba iliyofungwa shingoni, na mshumaa pamoja na kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni. Aliziwasha zote mbele ya macho yetu, akabadilisha hata betri ambazo mimi niliziona bado zina nguvu. Yusto alimwita "mama mkwe" kwa ukali huo, lakini hakubisha, maana alijua kwamba zamani Bosco aliingia Lihongo na tochi moja, ikafa, akakaa gizani mchana mzima akisikia maji yakidondoka bila kujua yako upande gani. Kulikuwa na kofia ngumu za wajenzi. Nilidhani ni za mapambo mpaka nilipogonga kichwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kamba ya nailoni aliyoipitisha yote kati ya vidole akitafuta mahali palipochakaa. Ya katani aliikataa, akisema inaoza ndani huku nje inacheka. Kulikuwa na vitambaa vya kufunga pua na mdomo, kwa sababu vumbi la kinyesi cha popo linaingia kifuani na kuna watu waliougua vibaya kwa ajili yake. Mikono mirefu, glavu, na amri ya kutomgusa popo hata aliyekufa. Nguo za pangoni zilifuliwa peke yake, na hatukugusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni. Asubuhi alitoka nje kutazama Matogoro. Wingu likiwa limekaa juu ya mlima, safari imekufa, hata kama juu yetu jua linawaka, kwa sababu chumba cha chini cha Lihongo hujaa maji kabla mtu aliye ndani hajajua kwamba nje kunanyesha. Mwisho alikwenda kwa mama yake, kila safari, na maneno yaleyale. "Mama, tutakuwa barabarani watoto wa shule wakitoka. Usipotuona, njoo na watu. Usiseme labda wamechelewa."

Leo nikifikiri, naona kwamba nilimwona Bosco kama mwoga kwa miezi mingi. Nilikuwa katika umri ambao hatari ni kitu kinachowapata watu wa vijiji vingine. Niliyapenda mapango kwa sababu ya udadisi tu. Mlango wa Lihongo ni mwembamba, unapita kwa ubavu, halafu ghafla unasimama kwenye ukumbi ambao sauti yako inakurudia ikiwa imekua. Harufu kali inachoma macho. Juu yako paa zima linapumua. Mlangoni Bosco alifanya ishara ya msalaba, kisha akaweka chini unga kidogo, maana wakati wa vita vya Mjerumani watu walijificha mle na wengine hawakutoka, na bado kuna vipande vya vyungu vyao kwenye kona. Nilimuuliza kwa nini msalaba na unga. "Sijui nani yuko zamu," alisema. Kwenye kila njia panda alichora mshale wa chokaa, na mishale yote ilielekea nje. Mahali pa chini aliwasha mshumaa na kuuweka sakafuni kupima hewa. Ukisinzia, tunageuka bila mjadala. Na mtu akisema kichwa kinamuuma, tunageuka pia, hata mshumaa ukiwaka vizuri, kwa sababu mshumaa si daktari. Mara moja tuligeuka kwa ajili yangu. Nilikasirika njia nzima, nikatapika nilipofika kwenye hewa safi, nikaacha kukasirika.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, anga safi kabisa, kila kitu kikiwa mahali pake. Tulikuwa tumejaza magunia kadhaa pale penye mshale wa mwisho, ambapo Bosco alikuwa amepiga marufuku mtu kuvuka. Yusto akaanza kuhangaika, anabadilisha mguu. Walipokuwa wanaume watupu, mtu alikuwa anageukia ukuta tu na kumaliza haja yake. Lakini sasa kulikuwa na mwanamke, na Yusto, pamoja na mdomo wake wote, alikuwa na haya kuliko mtawa. "Nageuka," nilimwambia. "Nitaziba na masikio." Akakataa. "Wewe utakwenda kuyasimulia mpaka Tunduru." Akachukua tochi. "Nakwenda kuwasalimia wazee," alisema, akiwakusudia wale wa vyungu. Bosco alimwambia asipite mshale. Tukaona mwanga wake unakata kona, na hapo ndipo alipopita mshale, kwa sababu alitaka tusimsikie.

Tulisubiri kiasi cha mtu kujisaidia, kisha kiasi cha mtu kujisaidia mara mbili. Bosco alifunga ncha ya kamba kwenye nguzo ya mwamba, akaivuta kwa uzito wake wote, akanipa nishike. "Tunakwenda mpaka kamba inapoishia," alisema. "Tusipompata, tunatoka wote wawili kutafuta watu. Huiachi kamba mkononi, hata ukimwona amekaa mbele yako." Nilitaka tukimbie, kila mmoja njia yake. Leo najua kwamba kama tungefanya hivyo, Mama Komba angetafutiwa watoto watatu. Tulikwenda taratibu tukiita. "Yusto! Yusto we!" Jina lilikwenda mbele yetu, likagonga mahali, likarudi kutoka chini, kutoka nyuma, kutoka upande ambao hatukuwa tumelipeleka. Hakuna aliyejibu. Tukaingia katika chumba kidogo chenye midomo mitatu, na katikati ya sakafu tukaona mshumaa. Ulikuwa umezimwa. Bosco aliugusa, nami nikaugusa. Nta ilikuwa laini, na utambi bado unatoa kauzi ka moshi.

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Yuko hai, amefanya alivyofundishwa, amepotea akakaa chini na kuwasha mshumaa. Kisha nikaona uso wa Bosco. Aliyezima mshumaa ule alikuwa ameuzima sasa hivi, wakati sisi tunamwita. Ametusikia, na amezima taa, na ameondoka. Kutoka kwenye mdomo wa kushoto tukasikia vijiwe vikiteleza, polepole, kama mtu anayejivuta kwa makalio. "Huko kuna shimo," Bosco alisema kwa mnong'ono. Alikuwa amewahi kutupa jiwe ndani yake, na hakulisikia vizuri likitua. Akajaza kifua, akaita tena kwa nguvu zote, "Yusto!" Vijiwe vikateleza haraka zaidi. Yusto alikuwa anaikimbia sauti yetu, gizani, kuelekea shimoni.

Nilimkamata Bosco mdomo. "Acha kumwita," nilimwambia. "Unamfukuza." Alinitazama kama mtu aliyepigwa. Lakini mimi nilikuwa nimekwishaelewa, kwa sababu hata kwetu tulilelewa hivyo: ukisikia jina lako mahali palipofia watu, na humwoni anayekuita, usiitike, maana ukiitika umejitoa. Yusto alikuwa amekwenda kuwatania wazee wa vyungu, akapotea njia, na sasa ukuta wenyewe unamwita kwa jina, kutoka chini ya ardhi. Mimi mwenyewe nisingeitika. Ningezima taa na kujificha vilevile. "Sasa tumwiteje?" Bosco aliuliza. Nikafikiri, wafu wanaweza kujua jina la mtu, lakini hawawezi kumtania. Hapo nilianza kulia msiba.

Nililia kwa sauti ya juu kabisa, kama mtani anavyolia kwenye matanga ya mtani wake, machozi mbele na kejeli nyuma. "Uwii jamani, Mngoni wangu amekufa! Uwii, miguu ile kama mitumbwi, fundi gani atatengeneza sanduku la kuienea! Amekufa kwa ajili ya mkojo! Nitawaambia nini watu? Nitasema alikufa vitani? Haya, yaliyopita yamepita, shati jekundu nimelichukua, leo hiihii nalivaa. Nyama yake ya Jumapili mpeni Bosco, mimi siili, kile chakula chenu kina pua. Na yule binti wa kwenye kwaya, yule anayemwandikia barua halafu hapeleki, huyo nitamtafutia Myao mwenye akili..." Bosco alikuwa ameshika kichwa. Nilikuwa nimeanza kuishiwa na maneno, na sauti ilikuwa inanitetemeka, kwa maana kulia kwa utani na kulia kwenyewe havikuwa mbali siku ile. Vijiwe vilikuwa vimenyamaza.

"Myao wewe," giza likasema. "Shati langu usiliguse."

Bosco alikaa chini palepale. Kisha akarudi kuwa Bosco. "Usisogee," alisema, bila kutaja jina. "Hata mkono. Washa tochi ya shingoni, utuambie unaona nini." Mwanga mdogo ukatokea. "Naona miguu yangu," Yusto alisema, na sauti haikuwa na mzaha. "Nyuma yangu sioni kitu." Alikuwa ameketi akiupa mgongo mdomo wa shimo, karibu kiasi kwamba angejivuta mara moja tena tu, angetumbukia. Kamba ilifika kwa shida. Bosco aliirusha, Yusto akaifunga kifuani kwa fundo alilokuwa amefundishwa akiwa anacheka, na akaja kwetu kwa magoti. Alipofika sikumkumbatia. Nilimpiga kofi juu ya kofia yake ngumu. Ilimwingia mpaka machoni.

Wasichana jikoni waliniuliza kama nawakataza kwenda. Hapana, sijawahi kumkataza mtu kutazama dunia, ningekuwa wa mwisho. Niliwaambia waende na mtu anayelijua pango, na taa tatu kila mmoja, na mtu wa nyumbani anayejua saa ya kurudi. Na niliwaambia hili ambalo Bosco, pamoja na akili zake zote, hakuwa amelifikiria mpaka siku ile: kabla hamjaingia, mkiwa bado juani, kubalianeni mtaitanaje. Mluzi, jiwe likigongwa kwenye mwamba, neno la upuuzi, chochote, ili aliyeko gizani ajue bila shaka kwamba anayemtafuta ni mtu. Watu wengi wanajiandaa kwa ajili ya pango. Wanasahau kujiandaa kwa ajili ya kile walichoingia nacho kichwani.

Magunia tuliyaacha ndani. Tulipotoka kwenye ule mlango mwembamba, jua lilikuwa limeinama, na chini kwenye njia tuliona pikapu, majirani wawili wenye kamba na taa ya chemli, na Mama Komba mbele yao amejifunga kanga kiunoni kama anakwenda kupigana. Watoto wa shule walikuwa wametoka, hakutuona, hakusema labda. Alitutazama mmoja mmoja usoni, kisha akafungua chupa ya chai na viazi alivyovifunga kwenye kitambaa. Hakuuliza kitu mpaka Yusto alipomaliza kikombe. Bosco akamsimulia.

"Uliwasikia wakikuita?" alimuuliza Yusto.

"Niliwasikia, mama."

"Mbona hukuitika?"

Yusto alitazama chini. "Si ulinifundisha mwenyewe. Ulinichapa, siku ile nilipoitika kule makaburini."

Mama Komba alisimama na kifuniko cha chupa mkononi. Upepo ulikuwa unachezea ncha ya kanga yake. Alikuwa amemlinda mtoto wa dada yake kwa kila alichokijua, na alichokijua kilikuwa kimempeleka mpaka ukingoni. Mwishowe akafunika chupa, akaikaza kwa nguvu.

"Basi hilo litoe," alisema. "Leo nimelifuta. Nikikuita mimi, au Bosco, au huyu Myao, uitike. Uwe pangoni, uwe makaburini, uwe wapi. Kama anayekuita ni mzimu, aje tukutane naye nyumbani kwangu." Akamtazama. "Yusto."

"Naam, mama."

"Yusto."

"Naam, mama."

Majirani walianza kucheka, hata Bosco akageuza uso. Tukapanda nyuma ya pikapu, Yusto katikati yetu, na Mama Komba akakaa mbele pamoja na dereva. Njia nzima hadi mjini, kila tulipokata kona, alitoa kichwa dirishani akaliita lile jina kwenye upepo, na mwanawe akaitika.